Abiria wa Sita wa Gari Namba Nane

Putnam, 4 Oktoba 1999

Kwa Mkuu wa Idara ya Mishahara,
chini kabisa ya jengo, Hartford.

Bwana,

Wote wanaohusika, pamoja na wasiohusika, wajulishwe kwamba kuanzia Ijumaa iliyopita ni marufuku kumenya, kula au kupakata yai la kuchemsha ndani ya Gari Namba Nane la kampuni, litupelekalo kazini kutoka Putnam. Azimio limepita kwa kura sita dhidi ya moja. Dereva hakupiga kura kwa kuwa alikuwa anakata kona.

Mla yai, Bwana Leland Hotchkiss wa bima za mali, alipewa nafasi ya kujitetea. Alisema yai ni kifungua kinywa cha watu wastaarabu. Bi Yvonne Chartier akamjibu bila kuacha kufuma soksi yake, "Leland, baba, ustaarabu wako tunaunusa tangu mwezi wa pili. Tuache wenzio tubaki washenzi." Leo asubuhi Leland hakuja kituoni. Alitupita barabarani na gari lake mwenyewe, madirisha yamepandishwa, na naamini kabisa alikuwa anatafuna.

Nakuandikia kwa sababu tangazo lililobandikwa juu ya kichwa cha dereva linamtaka katibu wa gari aiarifu idara yako kila abiria anapopungua. Katibu ni mimi. Sikuchaguliwa, nilikutwa na kalamu. Tulikuwa saba, sasa tuko sita, ukimtoa dereva wetu Casimir Wojtas.

Wako,
Odile Thibeault
Idara ya Madai ya Bima, ghorofa ya tano


Hartford, 8 Oktoba 1999

Bi Thibeault,

Barua yako imefika. Sheria ya kodi haisemi lolote juu ya mayai. Nimeangalia.

Ila juu ya viti inasema. Gari lenu lina viti kumi na viwili ukiacha cha dereva. Ili serikali ilitambue kuwa ni gari la kupeleka watu kazini, nusu ya viti hivyo lazima vikaliwe na waajiriwa. Nusu ni sita, nanyi mko sita.

Maadamu linatambuliwa, nauli yenu naikata kwenye mshahara kabla kodi haijaugusa. Hela hiyo mfanyakazi haitozwi kodi, na kampuni nayo hailipi mchango wake wa hifadhi ya jamii juu yake. Kwa hiyo mfanyakazi anajiona kafadhiliwa na kampuni, kampuni inajiona imemfadhili mfanyakazi, na aliyetoa ni mtu wa tatu ambaye hakuwepo chumbani. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ni mipango michache inayonifurahisha kama huu.

Mkibaki watano, mpango umekufa. Nauli itatozwa kodi kama hela nyingine yoyote, na wakubwa, ambao waliyanunua magari haya kwa ajili ya nafuu hiyo tu, wataliondoa barabarani. Gari Namba Tano liliondoka hivyo. Kuhusu mayai amueni mtakavyo, lakini msipungue tena.

Merrill Ostrander
Idara ya Mishahara

Nyongeza: mimi binafsi sina uzoefu wa magari haya. Nakaa karibu, natembea.


Putnam, 25 Oktoba 1999

Bwana Ostrander,

Nimewasomea abiria barua yako kwa sauti. Yule mtu wa tatu ambaye hakuwepo chumbani amewachekesha mpaka Casimir akapitiliza njia ya kutokea, ikabidi tuzunguke kupitia Manchester, ile ya huku kwetu. Casimir akasema, "Mwambieni huyo bwana wa chini aje aendeshe yeye, mimi nitakaa nyuma nicheke." Casimir akifurahi huimba nyimbo za kanisani za Kipolandi, ubeti baada ya ubeti, na Bi Yvonne humwambia Mungu alishasikia ubeti wa kwanza.

Sasa niambie kuhusu huko kutembea kwako. Anayekuja kwa gari la kampuni ana nafuu yake, wa basi na wa treni wanazo zao. Wewe unayekuja kwa viatu, serikali inakupa nini?

Jambo jingine. Nina rafiki anayeuliza. Sheria yako inasema "waajiriwa". Hilo neno linabana kiasi gani? Mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni moja tangu ana nywele nyeusi, akaja akaambiwa apumzike, anahesabiwa kuwa nini ndani ya gari? Ni rafiki tu anauliza.

Odile Thibeault


Hartford, 1 Novemba 1999

Bi Thibeault,

Anayetembea hapewi kitu. Nimeitafuta hiyo nafuu kwa miaka, kwa maslahi yangu mwenyewe, na haipo. Serikali inaona kwamba mtu anayekaa karibu na kazi ameshajipendelea vya kutosha.

Rafiki yako umwambie hivi: mwajiriwa ni mtu ambaye kampuni inamlipa mshahara. Siku inapoacha kumlipa, anakuwa abiria kama mtu mwingine yeyote, na kwenye ile sita yangu hayumo. Samahani kwa kusema wazi. Neno linabana sana.

Nilifurahi kusikia mlicheka. Huku chini tuko wawili, na mwenzangu huvaa vile vidude vya masikioni vya kusikilizia muziki. Mchana nakula kaunta ya mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Mhudumu ananijua. Nikiingia tu anasema, "Kama kawaida?" na mimi nasema ndiyo, na mazungumzo ya siku yanakuwa yameisha.

Barua zako hufika Jumatatu. Nasema tu.

Merrill Ostrander


Putnam, 20 Desemba 1999

Bwana Ostrander,

Taarifa ya kwanza: tuko sita.

Taarifa ya pili: nimejaribu kumrudisha Leland ili tuwe na wa akiba. Nilimwachia ujumbe kwenye kioo cha gari lake. Nilimwambia Baraza la Gari Namba Nane liko tayari kuangalia upya suala la yai, kwa sharti kwamba dirisha liwe wazi na yai liwe limemenywa nyumbani. Hakunijibu. Nilikutana naye kwenye lifti, nikamwambia, "Leland, kiburi cha yai hakimfikishi mtu mbali." Akaangalia namba za ghorofa kama mtu anayesoma mashairi.

Taarifa ya tatu: Ijumaa niliwaletea pai ya nguruwe, ile ya Krismasi, kama mama yangu alivyoipika. Ilimalizika kabla hatujafika Willington. Bi Yvonne alisema chumvi imezidi, huku anachukua kipande cha pili. Ulibaki ukoko, nikataka kukuletea. Kisha nikafikiri, nikishuka ghorofa zote hizi nitamkuta mtu mwenye sura yake, wakati mimi nimeshampangia nyingine. Ukoko akaula Casimir.

Nyumba yangu ni kubwa, tuliinunua mimi na mume wangu Rosaire wakati viwanda vya nguo bado vinapiga king'ora. Ana miaka minne kaburini. Jioni nikishushwa, Casimir haondoki. Anamulika mlango kwa taa za gari mpaka nifungue na kuwasha taa ya ndani. Sijawahi kumwomba.

Krismasi njema.

Odile Thibeault


Putnam, 10 Januari 2000

Bwana Ostrander,

Dunia haikuisha kama walivyotutisha, na kompyuta za kampuni zinajua kwamba ni mwaka elfu mbili. Umelipa watu bila shida, nasikia.

Tuko sita.

Mabishano ya wiki hii yalikuwa ni kama nyanya za kopo ni chakula. Bi Yvonne alisema si chakula. Casimir akasema yeye amelelewa kwazo na angalieni alivyo. Bi Yvonne akasema, "Ndiyo maana nasema." Ulikosekana wewe tu.

Mji wako ni mzuri asubuhi ile watu wakishaingia kazini. Maktaba ina joto. Wazee husoma magazeti yaliyofungwa kwenye vijiti, na wakisinzia vijiti huanguka, ndipo wote huamka na kukunja nyuso kana kwamba aliyeangusha ni mwingine. Nilipita tu.

Odile Thibeault


Hartford, 14 Januari 2000

Bi Thibeault,

Nimepokea. Sita.

Kwa taarifa za jengo tu, wala si kwa lingine: ukumbi wa mapokezi una viti vya aina mbili. Vile vya karibu na mlango hupigwa na baridi kila mtu anapoingia. Kile cha nyuma ya mmea mkubwa kina bomba la joto chini yake, na mlinzi hawezi kukiona kutoka mezani kwake. Nakipita kila siku ninapokwenda kula. Huwa siangalii upande ule.

Nyanya za kopo ni chakula.

M. Ostrander


Putnam, 14 Februari 2000

Bwana Merrill,

Nimeona niache ukoo. Kama ni kosa, nirudishie.

Yule rafiki yangu aliyeuliza lile swali, nikueleze yamemfika nini. Alistaafishwa mwisho wa Desemba. Walimkatia keki kwenye chumba cha mikutano, wakamwimbia, wakampa saa ya mezani, na saa kumi wakamwachia lifti ashuke na sanduku lake. Jumatatu iliyofuata aliamka vilevile, akavaa vilevile, akaenda kusimama kituoni. Gari likaja, mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyemuuliza. Akaketi. Bila yeye wangekuwa watano, na ile nafuu ya wenzake ingekufa. Kwa hiyo anajihesabu kuwa anafanya kazi ya hisani.

Tatizo ni mchana. Gari halirudi mpaka saa kumi na moja jioni. Kuna maktaba, kuna jumba la makumbusho siku ya bure, kuna hospitali ambako mtu mwenye koti safi anaweza kukaa na wanaosubiri wagonjwa na akaletewa kahawa. Na kuna kile kiti chako cha bomba. Wiki iliyopita mlinzi, Desmond, alizunguka ule mmea.

"Mama, unamsubiri nani?"

"Gari."

"Saa nne hii?"

"Napenda kuwahi."

Akacheka, akaenda, akarudi na nusu ya mkate wake wa nyama. "Haya, wahi umeshiba," akamwambia.

Rafiki yangu huyo anataka kujua kama anamdhuru mtu.

Odile


Hartford, 20 Machi 2000

Bi Odile,

Imenichukua mwezi kukujibu, na si kawaida yangu.

Rafiki yako ni wewe. Mimi ndiye niliyeandaa mshahara wako wa mwisho. Nilikuwa najua tangu ile barua ya Januari, ulipoandika "tuko sita", na kwenye taarifa yangu ya mwezi nikaandika sita. Februari nikaandika tena. Unajua ninavyoandika namba. Kabla ya hizo mbili sikuwahi kuandika hata moja ambayo sikuiamini. Machi imenishinda. Kabla ya mwisho wa mwezi natakiwa nisaini taarifa nyingine, na wiki iliyopita nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia Gari Namba Nane limekuwa na waajiriwa watano tangu Januari. Nikasema kosa la hesabu ni langu. Abiria wenzako watakatwa kodi ya ile miezi mitatu kwenye mshahara wa Aprili. Si kubwa, lakini watauliza. Mimi nimeandikiwa onyo, la kwanza. Nimeliweka kwenye droo.

Wakubwa wametoa muda mpaka Jumatatu ya tarehe tatu Aprili. Asipopatikana mwajiriwa wa sita, gari linaondolewa.

Leland usimsubiri. Mambo ya mshahara wa mtu siyasemi, lakini jina lake limepakwa rangi ukutani kwenye maegesho ya chini ya jengo, yeyote anaweza kulisoma. Alipandishwa cheo mwishoni mwa Septemba akapewa nafasi ya kuegesha bure. Hiyo nayo haitozwi kodi, na kiwango chake karibu ni mara tatu ya kile cha gari lenu. Angeondoka tu, yai liwepo lisiwepo. Nilijua tangu Oktoba. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unaniandikia kuhusu mayai.

Swali lako, kama unamdhuru mtu. Kwa kodi, kidogo. Kwa mengine, mimi si mtu wa kuulizwa.

Merrill


Putnam, 22 Machi 2000

Bwana Merrill,

Basi, nitoe.

Sitakudanganya tena kwamba nilipanda kwa ajili ya kodi ya Yvonne na wenzake. Nilipanda kwa sababu lilikuja na lilikuwa na watu ndani. Nyumbani hapa simu ikilia ni mtu anayeuza madirisha, nami humsikiliza mpaka yeye ndiye anayeaga. Siku nzima naweza nisisikie mtu anavuta pumzi. Ndani ya gari lile kuna watu sita wanaovuta pumzi, kila asubuhi, kila jioni. Ukizoea kitu hicho halafu ukanyimwa, hujui hata ukilalamikie wapi.

Pole kwa lile onyo. Ningejua lingekufika ningeshuka mwezi wa kwanza. Ama pengine nisingeshuka. Sasa hivi sina sababu ya kujipamba.

Nimezunguka hapa Putnam kutafuta yeyote anayefanya kazi kwenye kampuni yetu. Kuna kijana wa kitengo cha kompyuta, nilimgongea mlango. Akaniambia, "Bibi, mimi napenda kuendesha peke yangu, ndiyo muda wangu pekee." Nilisimama pale kibarazani nikimwangalia. Upweke ule, na yeye anaulilia.

Wiki ijayo nitapanda mpaka Ijumaa, nauli yangu mfukoni, niwaage.

Odile


Hartford, 27 Machi 2000

Bi Odile,

Nimepata mwajiriwa wa sita. Kampuni inamlipa, nimethibitisha mwenyewe. Ni mimi.

Jumamosi nilikuja Putnam. Nilipewa lifti na mtu wa ghala. Nimepanga vyumba viwili juu ya fundi viatu, karibu na stesheni ya zamani, kodi ya nyumba nusu ya ninayolipa hapa. Nahamia Aprili mosi. Nilipita nje ya nyumba yako, sikubisha. Mapazia yalikuwa wazi na nikaona ile saa ya mezani waliyokupa.

Nimekwishamwarifu mkubwa wangu. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli nahama kutoka mahali ninapotembea kuja kazini, kwenda mahali pa saa nzima na zaidi barabarani, ili nipate nafuu ya kodi. Nikasema ndiyo. Ameniangalia tofauti tangu hapo.

Na wewe hushuki. Sita ikishatimia kwa waajiriwa, kampuni haina pingamizi kwa mstaafu kukaa kwenye kiti kilichobaki, mradi alipe nauli yake kamili, bila nafuu. Utakuwa wa saba. Jioni utarudi nao, na mchana kile kiti chako kipo palepale.

Usifikiri nimefanya ukarimu. Barua zako ninazo zote. Nimeishi miaka mingi nikisikia "kama kawaida", na huko kwenu watu wanagombana kuhusu nyanya. Nataka kumsikia Casimir akiimba. Nataka Bi Yvonne aniambie kitu kibaya.

Merrill


Putnam, 29 Machi 2000

Bwana Merrill,

Usihame bado. Barua yako imefika leo na naijibu leo hii.

Fikiria tena. Una mkahawa wako, una mhudumu anayekujua. Gari ni gari tu, lina viti na heta inayonuka. Mtu akikaa peke yake na kalamu, vitu vinakua kidogo. Huenda nimepamba hapa na pale. Kama hujalipa hizo hela za chumba, usilipe.

Odile


Putnam, 25 Aprili 2000

Bi Odile,

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa, uliyoituma nyumbani badala ya ofisini, ilinifuata kutoka chumba cha zamani, nimeipata wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshalipa.

Kwanza ya kikazi. Taarifa ya Aprili imekubaliwa: waajiriwa sita, mstaafu mmoja, dereva. Gari halitaondolewa. Kwenye karatasi yangu ya mshahara, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, ipo hela ambayo kodi haikuigusa. Niliiangalia kwa muda.

Ya pili ni hii. Siku ya kwanza nilipanda na donati za kuwatosha wote, nikaketi safu ya tatu, wewe ukiwa mbele yangu upande wa dirisha. Uligeuka ukaniambia, "Kumbe una ndevu." Nikasema ndiyo. Nikangoja mabishano yaanze. Nilidhani wananionea haya kwa kuwa ni mgeni, nikawapa wiki. Halafu nikadhani ni ile kodi ya miezi mitatu waliyokatwa, nikawapa wiki nyingine. Donati nilizirudisha nyumbani, nikazila mwenyewe mpaka Alhamisi.

Sina lawama, na sihami. Fundi viatu wa chini ni mtu mwema na huacha redio wazi. Nakuandikia, ingawa nakuona mara mbili kwa siku, kwa sababu sijapata nafasi ya kukwambia kwa mdomo. Gari likiondoka Putnam watu wote wanalala mpaka Hartford, jioni wanalala mpaka Putnam, na wa kwanza kulala ni wewe, kabla hatujavuka daraja.

Merrill